“Kujitolea ni moyo”: na bwato itatoka wapi?

LUBUMBASHI. Leo sina habari ya bei ya unga wala ya umeme kukatika. Nina neno ambalo limenikaa kooni tangu siku ya posho iliyopita, na mkinivumilia nitalitoa lote.

Siku hiyo nilialikwa kwenye mkutano ndani ya komini Annexe. Shirika moja, jina lake nitaliacha maana haliko peke yake, liliwaita watu waliokimbia vita kutoka upande wa Pweto, Kilwa na Moba, pamoja na familia chache zilizotoka Fizi na Uvira zikapitia Kalemie mpaka kufika hapa kwetu. Wote watu wa maji. Watu walioshika kafi kabla ya kushika kalamu. Viti vya plastiki vilipangwa, soda moja kwa watu wawili, bango kubwa ukutani. Wakaambiwa: ninyi mnajua maji kuliko sisi, basi andikeni majina yenu muwe walinzi wa maji wa kujitolea. Mnaobaki mjini mtasafisha kingo za mto Lubumbashi na kutuambia nani anatupa taka. Mtakaorudi ziwani mtazunguka na mabwato yenu kuangalia nani anavua wakati uvuvi umefungwa, mtafundisha vijana, na mtaokoa wanaozama.

Maneno mazuri. Nami nilipiga makofi.

Kisha baba mmoja wa Pweto, mtu wa miaka sitini hivi, akasimama, akavua kofia. Akasema: “Minashukuru sana. Lakini bwato itatoka wapi? Yangu ilibakia kule, baliichoma.” Aliyekuwa mbele akatabasamu kwa upole, akamjibu: “Papa, kujitolea ni moyo.” Watu wakacheka kidogo. Yule baba akarudisha kofia kichwani, akakaa.

Kujitolea ni moyo. Nimelisikia neno hilo mara nyingi sana. Linasemwa kanisani, linasemwa kwenye ofisi ya mtaa, linasemwa na mwenye gari kwa asiye na viatu. Leo nataka kulipinga mbele yenu, kwa sababu naona limegeuka kuwa njia ya heshima ya kumtumikisha mtu bure, halafu kumfungia mlango siku ya kuamua.

Labda mtasema: sisi ni watu wa mji wa shaba, habari za mabwato na makafi zinatuhusu nini? Zinatuhusu. Wengi wetu tunadhani mto Lubumbashi unaishia pale tunapoacha kuuona. Hauishii pale. Unaingia Kafubu. Kafubu inashuka hadi Luapula, ule mto ambao ni mpaka wetu na Zambia. Luapula inapita Kasenga na kuingia ziwa Moero. Maji ya Moero yanatoka kwa mlango wa Pweto, yanaitwa Luvua, yanakutana na Lualaba upande wa Ankoro, na Lualaba ndio mto Kongo wenyewe unaokwenda mpaka baharini. Kwa hiyo chupa ya plastiki iliyotupwa mferejini kule Katuba siku ya mvua ina safari yake. Na sumu pia ina safari. Mwanzoni mwa Novemba 2025 tulijionea wenyewe: bwawa la maji machafu la kiwanda kimoja cha madini lilipasuka hapa mjini, maji yakaingia mitaani kwenye nyumba za watu, mpaka serikali ikasimamisha kiwanda hicho kwa miezi mitatu. Sisi tulikanyaga yale maji, tukalalamika, tukapiga picha. Kiisha yakapita, tukasema yamekwisha.

Yalipita kwenda wapi? Huko chini, anayeyakuta maji yetu wa kwanza ni mtu aliyekaa ndani ya bwato, mikono imelowa tangu alfajiri, anayechota kikombe pembeni ya bwato lake na kunywa bila kufikiri mara mbili. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walichapisha uchunguzi wao: watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wamekutwa na kobalti na metali nyingine kwa wingi mkubwa katika mikojo yao. Tangu wakati ule tunajua. Hakuna wa kusema hakuambiwa.

Sasa niwaeleze mimi ni nani katika habari hii, ili msifikiri nasema kwa niaba ya watu nisiowajua. Mimi ni mtoto wa Kasenga. Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa na bwato la mti mmoja, refu, lililochongwa likawa jepesi kama ganda. Usiku Luapula si mahali pa mchezo: kuna viboko, kuna mamba, kuna upepo unaotoka upande wa ziwa bila kubisha hodi. Ilikuwa ikisikika kelele mtoni, bwato la wachuuzi limepinduka, mjomba anatoka. Hakuuliza ni wa kabila gani, hakuuliza ni Mkongomani au Mzambia, hakuuliza atalipwa nini. Mama alikuwa anawasha moto ufukweni ili aone pa kurudia.

Moyo alikuwa nao. Lakini sikilizeni vizuri namna jambo lile lilivyokuwa limepangwa. Mjomba hakuwa analipwa, lakini bwato lake lilipooza, vijana wa kijiji waliingia porini kukata mti mwingine pamoja naye, na kuuvuta, na kukaa siku nyingi wakichonga. Wakati wa kugawa sehemu za kutega nyavu, yeye aliitwa kati ya wa kwanza. Wazee walipokaa kusema mwaka huu kijito fulani kisiguswe mpaka samaki watage, alikaa nao kwenye mkeka. Aliyelinda maji alisikilizwa juu ya maji. Hakuna aliyeita hiyo kujitolea. Iliitwa kuwa mtu wa hapa.

Kisha ofisi zikaingia. Mjomba alisifiwa mbele ya watu, akapewa karatasi yenye mhuri na kuambiwa aendelee hivyo hivyo. Mti mzuri karibu ulikuwa umekwisha kwa makaa, vijana walikuwa wamekwenda kuchimba, na kwenye mkeka wa kuamua walikaa watu wengine waliokuja na kalamu. Bwato lake lilipopasuka hakupata jingine. Usiku mmoja zikasikika kelele mtoni. Alisimama ufukweni na taa. Alisikia sauti mpaka zilipokwisha. Zaidi ya hapo hakuwahi kunisimulia. Ile karatasi mama bado anayo, ndani ya Biblia.

Mkiniambia kujitolea ni moyo, mimi ninaiona hiyo karatasi.

Na msifikiri hadithi ya kumwondoa mlinzi wa maji mkekani ilianza juzi. Zamani kule Luapula vijito na viziwa vidogo vilikuwa na wenyewe, wazee ambao bila neno lao uvuvi haukufunguliwa. Wakati wa Wabelgiji, Union Minière ilihitaji samaki wa kulisha wafanyakazi wake, na wafanyabiashara Wagiriki wakakaa Kasenga na barafu na mashua za injini, wakinunua na kusafirisha kuja huku mjini, Élisabethville ya wakati ule. Samaki aliyetafutwa kuliko wote alikuwa mpumbu, yule anayepanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga. Wakamvua njiani, tumbo limejaa mayai. Miaka ya 1940 ilipokuwa inakwisha, mpumbu alikuwa anaisha naye. Wazee waliokuwa na haki ya kusema “basi” walikuwepo bado, ila neno lao halikuwa na nguvu tena mbele ya lori na barafu. Leo mkipita soko la Mzee Kabila au soko la Kenya mtakuta mama wanauza samaki wa barafu waliotoka bahari ya Namibia, wamepita Zambia na Kasumbalesa mpaka hapa. Mji uliokaa karibu na Luapula unakula samaki wa bahari ya mbali. Mtoto wangu anafikiri samaki huzaliwa ndani ya katoni.

Kuna neno lingine ambalo watu wa rika langu na wanaonizidi hawawezi kulisahau: salongo. Wakati wa Mobutu kila mtu alishika jembe na ufagio, apende asipende, na aliyekosa aliandikwa. Kwenye redio waliita upendo wa nchi. Tulifagia, na takataka tuliyofagia ikabaki pembeni ya njia mpaka mvua ikairudisha mahali pake, kwa sababu gari la kuichukua halikuwepo. Mpaka leo salongo ikitangazwa maduka yanafungwa, watu wanajificha ndani wakisubiri saa zipite. Si uvivu. Watu wamejifunza kwamba jasho lao litamwagika na mtaro utabaki vilevile. Ile kazi ya siku ya posho iliyopita, pamoja na bango lake na soda zake, ilinukia salongo. Tofauti ni kwamba salongo haikujificha: ilisema wazi kwamba ni amri.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa: ndugu mwandishi, unataka kuharibu watu kwa kuwafundisha kuomba pesa, pesa ikiingia, moyo unatoka. Neno hilo lina ukweli ndani yake, na sitalikimbia. Nimeona walinzi waliolipwa wakageuka wauza njia, anayewapa franka anapita na nyavu zake usiku. Mshahara peke yake haulindi ziwa. Lakini mimi sikusema mshahara. Yule baba wa Pweto hakusema mshahara. Aliuliza bwato itatoka wapi. Kati ya kulipwa na kunyang'anywa kuna nafasi kubwa, na wenzetu duniani wamejenga nyumba nzima katika nafasi hiyo.

Tazameni Uingereza. Tangu mwaka 1824 wana shirika la kuokoa watu baharini, RNLI, na wengi wa wanaoingia kwenye mashua zake kukiwa na dhoruba ni watu wa kujitolea: muuza mkate, mwalimu, fundi. Moyo wanao, tena mkubwa. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia muuza mkate wa kule aje na mashua yake. Mashua imetolewa, imenunuliwa kwa michango ya wananchi. Nguo ya kuelea imetolewa. Mafunzo yametolewa. Anachotoa yeye ni saa zake na hofu yake. Hicho ndicho kinaitwa kujitolea. Mtu akitoa saa zake, na hofu yake, na bwato lake, na unga wa watoto wake, hicho kina jina lingine.

Au tazameni Maine, kaskazini mashariki ya Marekani. Kule kuna watu wanaopiga kafi baharini kwa kujifurahisha, ndani ya vile vibwato vyembamba vinavyoitwa kayake. (Nimeviona hata hapa kwetu, vya plastiki ya rangi, vimepakiwa juu ya magari ya wenye nacho siku ya Mungu.) Tangu miaka ya 1980 ilipokuwa inakwisha, watu hao walikubaliana na serikali na wenye visiwa vya pwani yao: tufungulieni visiwa tulale humo usiku mmoja mmoja, nasi tutavitunza, tutaokota taka, tutaangalia ndege wasisumbuliwe. Wakapewa. Hawalipwi hata senti; wao wenyewe ndio wanatoa ada. Lakini angalieni mapatano yalivyo: anayetunza anafunguliwa mlango. Utunzaji wake unamzalia haki ya kuingia. Na hawa ni watu wanaocheza, wakimaliza wanarudi kwenye nyumba zao zenye joto. Kwa nini anayecheza na maji apate mapatano, na anayekula kutoka majini apate bango?

Hamtaki mifano ya wazungu? Twende Kenya. Kwenye ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wanalinda mikoko yao na kuipanda, na tangu 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza ile hewa chafu ambayo mikoko inaifungia chini. Wengi wanaopanda hawana mshahara. Lakini pesa inayoingia, kijiji ndicho kinakaa na kusema iende wapi: maji ya bomba, shule. Na tangu 2007 sheria ya Kenya inatambua vikundi vya usimamizi wa fukwe, wanaviita BMU, ambamo wavuvi wenyewe wanachagua viongozi wao, wanaandikisha mabwato, wanakubaliana nani asitie nyavu wapi. Sisemi wamefika mbinguni. Wanagombana, wanaibiana, uchaguzi wao una kelele kama wetu. Lakini wanagombana wakiwa ndani ya chumba.

Yule baba yuko nje ya chumba, anashika ufagio.

Tena kuna jambo la uhami, ambalo ndilo linaniuma zaidi. Mtu aliyekimbia Pweto au Moba hakuhama kwa kupenda. Miaka ile ya watu wenye silaha, kule kati ya Manono, Mitwaba na Pweto walikokuita pembetatu ya kifo, watu walilala porini na watoto migongoni. Mwaka 2017 wengine walivuka kwenda Zambia na mwaka uliofuata wakapelekwa Mantapala, upande wa Nchelenge. Desemba 2025 vita ilipofika Uvira, kuna waliotoka kwa ziwa Tanganyika, bwato limejaa mpaka maji yanaingia. Nani aliwavusha? Wapiga kafi. Nani, tarehe 3 Oktoba 2024, alikimbilia wa kwanza ile mashua iliyotoka Minova ikazama karibu na Kituku, Goma, watu ufukweni wakiona kwa macho yao? Wenye vibwato vidogo, wavuvi. Mtu kama huyo anafika hapa Lubumbashi, anaambiwa mtaani kwamba yeye ndiye anachafua mji, ndiye anajenga kando ya mto, ndiye anajisaidia mferejini. Siku ya kusafisha anaitwa wa kwanza, eti ni namna ya kushukuru kwa kupokelewa. Siku ya kugawa viwanja, jina lake halipo. Mama mmoja wa Moba aliniambia baada ya mkutano, kwa sauti ya chini kabisa: “Ku kazi banatuita benyeji. Ku mukutano ya kweli banatuita bageni.” Nimelirudia neno lake hapa kama alivyolisema.

Nisiwape ndugu zangu wa maji sifa wasizostahili. Chandarua alichopewa mama alaze mtoto, tumekishona kuwa wavu wa kuvulia chisense, tumezoa mpaka vifaranga vya samaki vilivyotoka kwenye yai jana. Tumevua usiku wakati wa kufunga tukijua kabisa. Mjomba wangu alikuwa anapiga kelele juu ya jambo hilo, na waliokuwa wanamcheka walikuwa binamu zangu. Kufunga uvuvi ni jambo la haki. Zambia inafunga Luapula na Moero upande wake kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Nchi nne za ziwa Tanganyika, na sisi tukiwa mmojawapo, zilikubaliana juu ya kufunga kwa miezi mitatu, na Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ziwa likipumzishwa samaki wanarudi, hilo kila mpiga kafi anakubali.

Lakini nani atakaa usiku juu ya maji kuangalia? Na miezi mitatu hiyo, nyumbani kwake watakula bukari na nini? Anayevua kwa wizi usiku ule mara nyingi ni jirani yake, ana watoto wanaolia, na ana panga. Shirika linataka mtu wa kujitolea amkamate, bila jile, bila taa, bila barua ya kuonyesha kwamba ametumwa, bila mahali pa kupeleka shauri. Akiuawa, watasema alikuwa na moyo.

Kwa hiyo naweka neno langu mezani. Pesa ipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mwenye mgodi atenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi. Asilimia 0.3 ni ndogo ukiisikia, lakini ni ya mauzo yote, si ya faida, na shaba na kobalti inayotoka Katanga nyote mnaona idadi ya malori pale Kasumbalesa. Ugomvi wangu uko kwenye maneno “zinazoguswa na mradi”. Mpaka leo tukisema anayeguswa, tunatazama ukuta wa kiwanda na vijiji vilivyo karibu nao. Maji hayajui ukuta. Anayekunywa Luapula chini ya Kafubu anaguswa na kila kinachomwagwa Lubumbashi, na mlinzi wa mto wa kweli angeanzia pale: kwenye bomba linalotoa, siyo kwenye chupa ya plastiki inayoelea. Nitaamini neno la kulinda maji siku mtu wa bwato wa Kasenga atakapokaa kwenye kamati inayogawa pesa hiyo, ana karatasi ya vipimo vya maji mkononi, iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kusema hapana. Kwa pesa hiyo hiyo yanunuliwe mabwato, yanunuliwe majile, yalipwe matibabu ya mlinzi aliyeumia. Wala haihitaji mabilioni. Mbao, misumari, lami ya kuziba, kafi mbili. Fundi wa mabwato tunao, baadhi yao wanauza maji ya pakiti hapa mjini.

Na mashirika yanayowaita watu wa kujitolea, ombi langu kwao ni fupi. Kabla mtu hajaandika jina lake, asomewe nani anatoa nini. Tukiwapa saa zetu, ninyi mnaleta chombo. Mkitaka taarifa zetu juu ya nani anachafua, mtatuambia taarifa ya mwezi uliopita ilifika wapi na nani aliadhibiwa, hata kama aliyekutwa na kosa ni mkubwa kuliko mchuuzi wa mifuko ya plastiki. Mkipiga picha, jina la aliyefanya kazi liandikwe chini yake kama anapenda. Nimeona picha za mkutano ule zimeshatoka. Chini imeandikwa jina la shirika tu.

Vijana wengine wameniuliza: je, tukatae? Tuache mto ujae taka mpaka watusikilize? Nimelifikiria sana hilo swali, kwa sababu hasira inanivuta huko. Jibu langu ni hapana, kwa sababu anayezama hangoji kamati. Ikisikika kelele majini, mwenye bwato atoke, kama mjomba alivyotoka, na mwenye moto awashe ufukweni. Hiyo ni kazi ya mtu kwa mtu, haina bango. Ninachokataa ni kuandikishwa. Jina langu lisiandikwe kwenye orodha ya mtu anayekwenda kuombea pesa juu ya moyo wangu, kama hajanijibu bwato itatoka wapi.

Mkutano mwingine umepangwa siku ya posho ijayo, mahali palepale, saa tatu asubuhi. Walioandika majina ni ishirini na wanne. Yule baba wa Pweto hajaandika. Jana jioni alikuja nyumbani, akakataa kiti, akakaa kwenye kizingiti. Aliniomba nimwandikie swali lake kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa, na nafasi tupu chini yake ya kujibia na kutia sahihi. Nimeshamwandikia, nakala mbili.